Kuchagua saa ya zamani ukiwa Tabora: anza na mkono, jina lije mwisho

Anayetafuta saa ya zamani huanza na jina lililoandikwa usoni mwake: Omega, Tissot, Roamer, Seiko. Sisi tunasema geuza utaratibu. Anza na mkono wako, kisha nguo unazovaa siku nyingi za wiki, kisha uzima wa uso wa saa na mashine yake, kisha fundi atakayeihudumia. Jina lije baada ya hayo yote. Saa yenye jina kubwa ambayo uso wake umepakwa rangi upya na mashine yake imeliwa na kutu haimpendezeshi mtu, na hapa Tabora itakusumbua zaidi kwa sababu vumbi na joto la Septemba na Oktoba havina huruma na saa iliyochoka.

Saa iliyotimiza miaka 100 huhesabiwa ya kale. Ya miaka 25 au 30 hadi hapo ndiyo tunayoiita ya zamani, na humo ndimo wengi wetu tutapata cha kuvaa kila siku.

Chukua uzi, zungushia kifundo cha mkono pale saa inapokaa, kisha upime uzi kwa rula. Mkono wa sentimita 16 hupendeza na saa ya milimita 33 hadi 35. Wa sentimita 17 au 18 hubeba 35 hadi 38. Ukivuka 19 unaweza kwenda hadi 40, lakini saa za zamani za kipimo hicho ni chache, kwa sababu saa nyingi za kiume za miaka ya 1940 hadi 1960 zilitengenezwa kati ya milimita 31 na 36. Mtu aliyezoea saa za leo za milimita 42 huiona ndogo siku ya kwanza. Ivae siku tatu ndipo uamue.

Kipenyo peke yake hakitoshi. Weka rula juu ya mkono, mahali palipo bapa, uone ni milimita ngapi. Kisha muulize muuzaji urefu wa saa kutoka ncha ya pembe ya juu hadi ncha ya pembe ya chini, yaani zile pembe zinazoshika mkanda. Urefu huo ukizidi sehemu bapa ya mkono, pembe zitaning'inia pembeni na saa itaonekana ya kuazima, hata kama kipenyo chake ni sahihi. Unene nao upime. Saa nyembamba ya kujaza kwa mkono, ya chini ya milimita 10, huingia chini ya mkono wa shati lenye vifungo au kanzu yenye tarizi bila kukwama. Otomatiki nyingi, yaani zinazojijaza zenyewe mkono unapocheza, zina milimita 11 hadi 13 na hukwama hapo kila unapoinua mkono.

Kwa kina mama, saa za kike za zamani ni ndogo mno, milimita 18 hadi 24, na mashine zake ndogo humpa fundi kazi ngumu. Ushauri wetu ni kuchukua saa ya kiume ya milimita 32 hadi 34 yenye uso mweupe au wa fedha. Inakaa vizuri juu ya kitenge na juu ya suti, inasomeka bila kukodoa macho, na mashine yake inafunguka kirahisi.

Sasa nguo. Kanzu nyeupe na kofia ya Ijumaa hutaka chuma cheupe, uso wa fedha au krimu, mishale myembamba, mkanda mweusi au wa kahawia usiong'aa sana. Hapa kuna jambo la kuangalia mapema: wanaume wengi Waislamu hawavai dhahabu, na saa nyingi nzuri za miaka ya 1950 na 1960 zina kasha la dhahabu au lililopakwa dhahabu. Usingoje kuambiwa na shemeji mbele ya msikiti. Soma mgongo wa saa. 750 au 18K ni dhahabu ya karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9. Maneno PLAQUÉ OR au 20 MICRONS maana yake ni tabaka tu juu ya chuma kingine. Kama unajiepusha na dhahabu, tafuta chuma kisichoshika kutu kuanzia mgongo hadi pembe, ufunge mjadala.

Na hapo pana mtego. Mgongo ulioandikwa STAINLESS STEEL BACK unakueleza habari za mgongo tu. Kasha lenyewe linaweza kuwa shaba nyeupe au shaba ya njano iliyopakwa kromu au dhahabu. Jasho hula tabaka hilo taratibu, kwanza kwenye ncha za pembe na upande wa ndani unaogusa ngozi. Ukiona vidoa vyekundu-njano hapo, au vishimo vidogo kama vilivyotobolewa kwa sindano, tabaka limekwisha. Halirudi bila kupakwa upya, na wengi wanaopaka upya hung'arisha kwanza hadi kingo zote kali zinakuwa mviringo. Kwa mtu anayetoka jasho sana, au anayepanda bodaboda juani kutwa, hatushauri kasha la kupakwa hata kama bei inavutia.

Mwalimu, karani au mfanyabiashara wa mjini anayevaa shati la mikono mirefu na suruali ya kitambaa atatoka vizuri na saa ya kujaza kwa mkono, milimita 34 au 35, mkanda wa ngozi wa milimita 18. Rangi ya mkanda ifuate viatu na mshipi. Anayefanya kazi ya mwili, iwe shamba la tumbaku, mizinga ya nyuki au karakana, achukue otomatiki ya chuma yenye mkanda wa chuma au nailoni. Ngozi ikilowa jasho kila siku huoza kwa ndani na kunuka kabla mwaka haujaisha. Kwa harusi na shughuli za usiku, uso mweusi wenye alama za fedha hupendeza kuliko wenye vidirisha vingi vya sekunde na dakika.

Kwa anayeanza, tunapendekeza Seiko 5 ya miaka ya 1970 au 1980 kabla ya saa nyingine yoyote. Seiko walianza kuuza saa za jina hilo mwaka 1963, nazo zimeenea kiasi kwamba vipuri vyake havina shida na mafundi wengi wamewahi kuzifungua. Kitufe cha kurekebishia kiko saa 10, si saa 9, kwa hiyo hakichomi mgongo wa kiganja. (Tunahesabu saa kama tunavyosema: ile namba 4 ya usoni ni saa 10.) Nyingi zilizopitia Uarabuni zina siku kwa Kiarabu na Kiingereza. Vuta kitufe hatua ya kwanza, zungusha, nawe utachagua lugha.

Mgongo wa Seiko unajieleza ukijua kuusoma. Utaona namba ya tarakimu nne, kistari, kisha nyingine nne. Nne za kwanza ni mashine, zinazofuata ni kasha. Mashine 6119 ni ya mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi katikati ya 1970. 7009, yenye vito 17 (vijiwe vigumu vinavyoshika ekseli za mashine), ilianza katikati ya miaka ya 1970 ikaendelea muda mrefu. 7S26, yenye vito 21, ilianza mwaka 1996, kwa hiyo anayekuuzia 7S26 kama saa ya miaka ya sabini anakudanganya, au yeye mwenyewe alidanganywa. Kisha tazama namba ya mfululizo ya tarakimu sita. Ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, herufi O au 0 ni Oktoba, N ni Novemba, D ni Desemba. Namba inayoanza na 83 juu ya mashine 7009 ni Machi 1978 au Machi 1988. Muongo wenyewe utaujua kwa aina ya kasha na uso.

Halafu shika kioo cha kukuzia, usome maandishi madogo sana chini ya uso, kando ya namba 6. Pale napo pameandikwa namba ya mashine. Mgongo ukisema 7009 na uso ukisema 6119, saa hiyo imeunganishwa kutoka saa mbili. Inaweza kutembea vizuri tu, ila si ya kulipiwa bei ya saa kamili.

Hilo linatupeleka kwenye uso, na hapa tunaomba usome polepole, maana uso ndio thamani ya saa ya zamani. Mashine hurekebishika, kioo hubadilishwa, mkanda hununuliwa. Uso uliopakwa upya haurudi ulivyokuwa. Saa nyingi zinazouzwa mtandaoni kutoka India zina uso wa kupakwa upya, hasa Seiko 5, Citizen, Favre-Leuba na HMT. HMT ni saa nzuri kwa bei ndogo: kiwanda chake cha Bangalore kilianza mwaka 1961 kwa kushirikiana na Citizen, na serikali ya India ikaamua kukifunga mwaka 2016. Janata yake, ya kujaza kwa mkono, ina vito 17 na milimita 35, na inafaa kabisa kwa ofisi. Lakini kadiri HMT inavyong'aa rangi za ajabu, machungwa, kijani kibichi, zambarau, ndivyo uwezekano unavyozidi kwamba rangi hiyo haikutoka kiwandani.

Uso uliopakwa upya hujitaja. Maandishi huwa mazito na kingo zake zimevuja kidogo. Vistari vya dakika havikutani sawasawa na alama za saa. Maneno ya chini kabisa, kama SWISS MADE au JAPAN, yamekosekana au yamekaa upande. Jina la kampuni halina umbali sawa kushoto na kulia. Na rangi ni mpya mno wakati kasha na mishale vimezeeka. Uso halisi wa miaka 60 mara nyingi huwa umegeuka kidogo, ukachukua rangi ya chai ya maziwa, na kugeuka huko kunapendeza, hasa kukiwa sawa pande zote. Madoa meusi yanayoanzia ukingoni ni habari nyingine: maji yaliwahi kuingia, na yalipofika usoni yalifika pia kwenye mashine.

Kwa Omega, jina au alama ya kampuni iwepo sehemu nne: usoni, kwenye kitufe, ndani ya mgongo na juu ya mashine yenyewe. Mashine za Omega za miaka ya 1950 na 1960 zina rangi ya shaba nyekundu na namba ya mfululizo imechongwa juu yake. Muuzaji asiyetaka mgongo ufunguliwe, wala hana picha ya mashine, mwache na saa yake.

Kuna namna ya kuijaribu saa papo hapo sokoni. Kama ni ya kujaza kwa mkono, zungusha kitufe taratibu, ukihesabu. Nyingi hushiba kati ya mizunguko 20 na 35 na kamani, ile springi inayoendesha saa, husimama yenyewe. Usilazimishe. Ikizunguka bila kushiba, kamani imekatika au imeteleza, isipokuwa kwa otomatiki, ambazo kamani yake imeundwa kuteleza. Seiko 7009 na 7S26 hazijazwi kwa kitufe kabisa. Itingishe ubavu kwa ubavu kama mara 20, na mshale wa sekunde uanze wenyewe. Sikiliza pia: uzito unaozunguka ndani ukikwaruza mgongo, ekseli yake imelika.

Vuta kitufe, zungusha mishale mzunguko kamili wa saa 24. Mishale isigusane, tarehe iruke karibu na saa 6 usiku, na kitufe kisiyumbe kama jino bovu. Kisha kisukume, utazame dakika tano. Kama sekunde inatembea lakini dakika imebaki palepale, kile kibomba kinachoshika mshale wa dakika kimelegea. Si tatizo kubwa kwa fundi, ila litoe kwenye bei. Igeuze saa: uso juu, uso chini, kitufe chini. Ikisimama mkao mmoja, mhimili wa balansi, lile gurudumu dogo linalocheza kwenda na kurudi, umechakaa au umekatika ncha, na hiyo ni kazi ghali. Saa zisizo na kinga ya mshtuko huumia hapo zikianguka mara moja tu, kwa hiyo tafuta neno INCABLOC au SHOCKPROOF, na kwa Seiko DIASHOCK.

Simu yako ni kipimo kizuri. Pakua programu ya kupimia mdundo wa saa, weka saa karibu na kipaza sauti mahali pa kimya. Saa nyingi za zamani hupiga mara 18,000 au 21,600 kwa saa moja. Ikishiba, upana wa mzunguko wa balansi ukisoma nyuzi 250 hadi 300 ni mzima, na chini ya 200 inaomba huduma. Kupotoka kwa sekunde 30 kwa siku tunakuvumilia kwa saa ya umri huo. Ikikimbia dakika kadhaa kwa siku, shuku sumaku kabla ya kushuku mashine. Isogeze karibu na dira, sindano ikicheza, imeshika sumaku. Spika, vifuniko vya simu na pochi zenye vifungo vya sumaku ndio wahalifu wa kawaida, na fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku huimaliza kwa dakika moja.

Ukiagiza kwa mbali, omba picha tano zilizopigwa mchana bila taa: uso kutoka mbele, mgongo, mashine, ubavu wenye kitufe, na pembe kwa nyuma. Ongeza video ya nusu dakika inayoonyesha sekunde ikitembea. Kwenye picha ya mashine, angalia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechubuka, fundi asiye na bisibisi sahihi amepita humo.

Neno moja zito. Saa zinazong'aa gizani zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 kwisha mara nyingi zina rediamu, madini yenye mionzi, kwenye mishale na namba. Hata kama hazing'ai tena, rediamu bado ipo, maana huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Hatari kubwa ni unga wake kuingia puani au mdomoni. Usiifungue mwenyewe, usikwangue rangi ile, usimpe mtoto aichezee. Saa za baadaye zenye herufi T pembeni mwa neno SWISS zina tritiamu, ambayo hupungua nusu kwa miaka 12 hivi na ni nafuu zaidi. Kwa anayeanza, chagua uso usio na rangi ya kung'aa kabisa.

Saa ya mfukoni je? Inarudi, na kwa mvaaji wa kizibao juu ya kanzu hakuna pambo la kiume linaloikaribia. Mji huu nao una historia inayoendana nayo: reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya reli ni kazi ya saa. Chagua kipenyo cha milimita 43 hadi 50, mnyororo uishie kwenye kifungo cha kizibao. Epuka zile za bei rahisi za mfumo wa Roskopf, ulioanza mwaka 1867: pale ambapo saa bora ina vito, hizo zina pini za chuma, na zikilika hazifai kutengenezwa. Zenye mfuniko wa mbele, bonyeza kitufe wakati wa kufunga pia, siyo wakati wa kufungua tu. Ukiufunga kwa kuubamiza, ulimi unaoushika unalika na mfuniko utabaki wazi daima.

Kuhusu maji, kwa wasomaji wa Kigoma hasa: hesabu kwamba saa ya zamani haina kinga yoyote, hata kama mgongo umeandikwa WATERPROOF. Mpira wake ulikauka zamani. Ivue kabla ya kupanda mtumbwi. Mvuke ukitokea ndani ya kioo, vuta kitufe nje na umfikie fundi siku hiyo hiyo. Usiingoje ikauke yenyewe, kwa sababu kutu huanza kwenye mhimili wa kitufe na kusambaa. Kioo cha plastiki kilichokwaruzika hung'arishwa kwa dawa ya meno na kitambaa laini kwa dakika kumi. Kioo halisi hakikubali hilo, kibadilishwe.

Tarehe usiibadilishe kwa kitufe kati ya saa 3 usiku na saa 10 alfajiri. Meno yanayosukuma tarehe huwa yameshikana wakati huo, na ukilazimisha yanavunjika.

Tenga theluthi ya bajeti yako kwa huduma kabla hujanunua, kisha rudia kila miaka mitano hivi, au minne kwa anayeishi kwenye vumbi. Muulize fundi maswali ya wazi. Je, ataifungua yote kipande kwa kipande, au ataizamisha nzima kwenye petroli? Saa iliyozamishwa hutembea wiki chache kwa furaha, halafu husimama, kwa kuwa uchafu umehama tu na mafuta yamekwisha kabisa. Je, ana mafuta ya saa zaidi ya aina moja? Balansi hutaka mepesi, kamani hutaka mazito. Je, atabadilisha kamani? Na mwambie tangu mwanzo kwamba uso na mishale havipakwi rangi, kasha halisuguliwi, na kila kipuri anachotoa akirudishe ndani ya karatasi.